Sura ya Saba: Kiwambo cha Sauti na Nguruwe wa Usiku

Mkulima wa mahindi wa Texas hupanda kwa mashine, mbegu baada ya mbegu, mstari baada ya mstari. Kundi la nguruwe likiupata mstari huo usiku uleule, linaufuata kwa pua tangu mwanzo hadi mwisho na kufukua kila punje. Kukicha, penye mahindi pana mtaro. Wanyama hawa si ngiri wala nguruwe pori wa kwetu. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakatoroka na kuzoea mwitu, kisha katika miaka ya 1930 wakachanganyika na nguruwe mwitu wa Ulaya walioachiwa porini kwa ajili ya uwindaji. Leo katika jimbo hilo peke yake wanahesabiwa kwa mamilioni, na wizara ya kilimo ya Marekani hukadiria kuwa hasara wanayoitia nchi nzima inapita dola bilioni 1.5 kwa mwaka.

Nguruwe hana jasho la kumpoza, na jua la Texas halina huruma. Mchana hujilaza vichakani kando ya vijito, na giza likiingia ndipo hutoka. Akishapigiwa bunduki mchana mara moja mbili, usiku ndio unakuwa mchana wake kabisa. Basi mwindaji naye hana budi kumfuata hukohuko. Sheria ya jimbo inamruhusu: nguruwe hawa hawana msimu, katika ardhi ya mtu binafsi huwindwa saa yoyote, na tangu Septemba 2019 hata leseni ya uwindaji haidaiwi, mradi mwenye ardhi ametoa ruhusa.

Sasa sauti. Bunduki ya uwindaji ya kaliba ya .308 hutoa mlio wa desibeli 165 hadi 170 hivi kwenye mdomo wa mtutu. Kwa mlio wa ghafla, wataalamu wa masikio huuweka mpaka wa hatari kwenye 140. Ukivuka hapo, pigo moja linatosha kuua vinyweleo vya ndani ya sikio ambavyo havioti tena. Mchana mwindaji huvaa viziba masikio, mambo yakaisha. Gizani hali ni nyingine, kwa sababu sikio limebeba nusu ya kazi ya jicho. Ndilo linalowasikia nguruwe wakigombana kabla darubini haijawaona, ndilo linalojua kuwa mwenzako amesogea kushoto, ndilo linalopokea neno “ngoja” lililonong'onwa kwa wakati. Anayeyaziba masikio amejitia upofu wa pili. Anayeyaacha wazi atarudi nyumbani na mvumo kichwani, na mvumo huo siku moja utakataa kuondoka. Vipo viziba vya kielektroniki vinavyopitisha mnong'ono na kukata mlio, na ni vizuri, ila ukivivaa unapoteza kiasi fulani cha kujua sauti imetokea upande gani.

Kwa hiyo nashikilia kwamba kiwambo cha sauti, kifaa kinachofungwa mtutuni kupunguza mlio, hununuliwa kwanza kwa ajili ya sikio la mwenye bunduki. Sikio la nguruwe ni hesabu ya baadaye. Wanunuzi wengi huanzia upande wa pili, wakitafuta bunduki isiyosikika kama ya sinema, na hao ndio wanaouza kiwambo chao baada ya msimu mmoja.

Aliyekiingiza kifaa hiki sokoni ni Hiram Percy Maxim, Mmarekani aliyepewa hataza mwezi Machi 1909. Jina la ukoo huu lina historia kwetu. Baba yake, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyebuni bunduki ya rashasha iliyobeba jina lake, na bombomu ambazo askari wa Wajerumani waliwaelekezea wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905 zilikuwa za ukoo wa uvumbuzi huo. Baba alizeeka akiwa kiziwi kwa kukaa karibu na mashine zake. Mwana akajenga kifaa cha kupunguza mlio, na kwa akili hiyohiyo akashughulikia ekzosi za magari. Mwezi uleule wa Machi 1909 Theodore Roosevelt alitoka madarakani na kupanda meli kuelekea Mombasa kwa safari yake ndefu ya uwindaji. Yeye naye alikuwa na Winchester ya modeli ya 1894 iliyofungwa kiwambo cha Maxim, aliyoitumia nyumbani kwake Sagamore Hill, Long Island, kuwapiga wanyama wasumbufu bila kuwaamsha majirani. Kwa mwindaji kama yeye kifaa hiki hakikuwa cha majambazi. Kilikuwa cha adabu.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Baruti ikiungua, gesi yenye shinikizo kubwa huisukuma risasi mtutuni, na risasi ikishatoka, gesi hiyo hupasuka hewani kwa kishindo. Kiwambo ni silinda inayofungwa mbele ya mtutu, ndani yake mna visahani vilivyotobolewa katikati na vyumba kati ya kisahani na kisahani. Risasi hupita tundu kwa tundu bila kugusa kitu. Gesi inayoifuata huingia vyumbani, hutanuka, hupoa na kutoka kwa awamu, kama maji ya mto yaliyogawiwa majaruba kabla ya kufika baharini. Kiwambo kizuri hupunguza desibeli 25 hadi 35. Usiidharau tarakimu hiyo: kila desibeli 10 ni kugawanya nguvu ya sauti kwa kumi, kwa hiyo 30 ni kuigawanya kwa 1,000. Lakini toa 30 kwenye 168, unabaki na 138. Huo bado ni mlio wa nyundo kwenye chuma, tena karibu na sikio. Mwenye busara huvaa viziba hata akiwa na kiwambo, hasa akijua atapiga zaidi ya mara moja.

Na kuna mlio mwingine ambao hakuna kiwambo kinachouweza. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Risasi ya .308 huondoka kwa mita 800 na zaidi. Inapoipita sauti, hewa mbele yake hubanwa na kupasuka njia nzima, na mpasuko huo huzaliwa angani, mbali na bunduki. Wengi huuona kuwa kasoro. Mimi nauona kuwa msaada mkubwa wa usiku. Mnyama aliye kando ya njia ya risasi husikia mpasuko ukimjia kutoka upande ambao bunduki haipo, na kishindo cha mtutu, ambacho kingemwonyesha ulipo, kimeshafifishwa. Ndiyo maana kundi la nguruwe lililopigiwa bunduki yenye kiwambo mara nyingi husimama, hugeuka huku na huku, pengine hata kukimbia kuelekea kwa mwindaji. Sekunde hizo mbili tatu ndizo risasi ya pili.

Anayetaka kuuondoa na huo mpasuko hununua risasi nzito za mwendo wa chini ya sauti, kwa kawaida za kaliba ya .300 Blackout. Hapo bunduki kweli hunyamaza, ukasikia zaidi chuma kikigongana na risasi ikitua. Gharama yake iko kwenye nguvu. Risasi ya gramu 14 inayokwenda mita 310 kwa sekunde hubeba jouli 700 hivi, ilhali ya .308 ya gramu 10 kasoro hubeba zaidi ya 3,500. Tena huporomoka upesi. Kati ya mita 50 na 100 tofauti ya kimo inatosha kukosesha, na usiku kukadiria umbali ndiko kugumu. Nguruwe dume mwenye ngozi nene ya mabegani, akipigwa vibaya kwa risasi ya namna hiyo, huingia kichakani akafia humo polepole. Siipendekezi kwa mtu asiyekuwa na kipimo cha umbali na mkono uliotulia. Anayelinda shamba la mita 200 apige risasi ya kawaida na auache mpasuko upasuke.

Nimesema mengi juu ya sauti, na bado sijafika kwenye mambo ambayo usiku wenyewe huyadai.

La kwanza ni joto. Wawindaji wa Texas siku hizi hutumia darubini za joto, zinazochora mnyama kwa joto la mwili wake badala ya mwanga. Kiwambo nacho, baada ya risasi tano sita za haraka, kimekuwa jiko. Darubini ikiwa imekaa chini, ncha ya kiwambo huingia kwenye ukingo wa picha, iking'aa kuliko nguruwe yeyote. Na kwa kuwa darubini nyingi hujirekebisha zenyewe kulingana na kilicho moto zaidi, vingine vyote hufifia. Dawa yake ni kuipandisha darubini kidogo, kuchagua kiwambo kisichotokeza mno mbele, au kukivika ala ya kitambaa kinachostahimili moto. Ala huzuia pia mawimbi ya hewa moto yanayoitikisa picha kwenye darubini za kioo. Ubaya wake ni kwamba hukiweka kiwambo moto kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kwa mwenye kupiga mfululizo si jambo la kuvaa na kusahau. Na kisiguswe kwa mkono mtupu. Gizani watu husahau, wakakumbushwa na malengelenge.

La pili ni mmweko. Mtutu mfupi bila kiwambo hurusha ulimi wa moto unaompofusha mwenye bunduki kwa sekunde kadhaa, na anayetumia miwani ya kukuza mwanga huona picha nzima ikigeuka nyeupe. Kiwambo humeza karibu ule moto wote. Nasema karibu, kwa sababu risasi ya kwanza huikuta silinda imejaa hewa yenye oksijeni, mabaki ya baruti huwaka humo ndani, na matokeo yake ni mlio mkubwa kuliko wa risasi zinazofuata, pamoja na mwako unaoonekana. Mwindaji wa usiku mara nyingi hupiga risasi moja au mbili tu, kwa hiyo risasi ya kwanza ndiyo yenye maana kwake. Kiwambo kinachosifiwa kwa wastani wa risasi kumi huenda kwenye ile ya kwanza kikawa cha kawaida kabisa. Muulize muuzaji swali hilo. Akibabaika, nenda kwa mwingine. Kiwambo cha titaniamu nacho kina tabia yake: kwenye mtutu mfupi, kikichomwa na baruti isiyomalizika kuungua, hutoa cheche nyeupe. Mchana hazionekani. Usiku zinaonekana vizuri sana.

La tatu ni moshi usoni. Bunduki zinazojikoki zenyewe, zikiwemo za aina ya AR-15, ndizo zinazopendwa kwa nguruwe kwa sababu kundi halisubiri. Kiwambo huizuia gesi mbele, nayo hutafuta njia ya kurudi: hupita kwenye mfumo wa bunduki na kutokea pale ganda linaporuka, sentimita chache kutoka kwenye jicho la mpigaji. Macho huwasha, machozi hutoka, na sauti kwenye sikio huongezeka kwa sababu sehemu ya mlio sasa inatokea nyuma. Kwa bunduki ya namna hii tafuta kiwambo kilichoundwa kupitisha gesi mbele kwa wepesi, hata kama kwenye mdomo wa mtutu kina makelele kidogo zaidi. Kwa bunduki ya kukoki kwa mkono shida hii haipo, na hapo chagua kile kinachobana kuliko vyote.

Hili ndilo linalonifanya nizitazame kwa jicho la pembeni tarakimu zinazoandikwa kwenye boksi. Kwa kufuata kanuni ya kijeshi ya Marekani, kipaza sauti huwekwa mita 1 kushoto kwa mdomo wa mtutu na mita 1.6 kutoka ardhini. Ni mahali pazuri kwa kulinganisha kiwambo na kiwambo, lakini hakuna kichwa cha mtu kinachokaa hapo. Kipimo kinachokuhusu ni kile cha sentimita 15 kutoka sikioni, kwa bunduki inayofanana na yako, kwa urefu wa mtutu wako. Watengenezaji waungwana hutoa vipimo vyote viwili. Wengine hutoa kile kinachowapendeza.

Uzito sitauzungumzia sana. Kiwambo cha titaniamu cha kaliba ya .30 huwa cha gramu 300 hadi 400, cha chuma cha pua hupita 500 kwa urahisi. Anayeegemeza bunduki kwenye stendi ya miguu mitatu usiku kucha hataijua tofauti. Anayetembea kilomita kadhaa kwenye majani marefu ataijua kabla ya saa sita. Chuma hustahimili mfululizo wa risasi, titaniamu inachukia joto la kupindukia. Urefu, ambao watu huusahau, una maana zaidi. Kiwambo huongeza sentimita 15 hadi 20, na bunduki ndefu ndani ya pikapu yenye watu watatu gizani ni ajali inayosubiri mtu. Ndiyo maana wenye bunduki za kukoki hukata mtutu hadi inchi 16 au 18 kisha wakafunga kiwambo, urefu ukabaki uleule wa zamani. Huko Skandinavia hupendwa aina nyingine, ya silinda inayorudi nyuma na kuuzunguka mtutu, ikatokeza mbele kidogo tu.

Kiwambo cha kaliba moja kinaweza kuhudumia kaliba nyingi. Kiwambo cha .30 hufungwa salama kwenye .223, na kelele huongezeka kidogo tu kwa sababu tundu ni pana. Kinyume chake ni kuharibu kiwambo na pengine uso. Hesi nazo zina viwango vyake: bunduki nyingi za Marekani za .223 huwa na hesi ya nusu inchi yenye meno 28 kwa inchi, za .308 inchi tano kwa nane yenye meno 24, na za Ulaya huja kwa milimita, kama M14 au M15 kwa hatua ya 1. Mtutu usiokuwa na hesi upelekwe kwa fundi bunduki mwenye mashine ya kereza, si kwa fundi wa geti. Hesi iliyopinda kidogo tu huifanya risasi iguse kisahani, na kisahani kikiguswa kiwambo kimekwisha. Kabla ya risasi ya kwanza, fundi hupitisha fimbo iliyonyooka kutoka mtutuni hadi nje ya kiwambo na kutazama kama imekaa katikati ya tundu. Omba uone kwa macho yako.

Halafu rudi kwenye uwanja wa shabaha mchana. Kiwambo hubadilisha mtikisiko wa mtutu, na risasi itatua mahali pengine, sentimita mbili tatu au zaidi kwa mita 100. Hilo halina ubaya mradi iwe ileile kila ukifungua na kufunga. Piga, fungua, funga, piga tena. Kama shimo linahama ovyo, tatizo ni hesi au kifungio, na utalijua mchana badala ya kulijua mbele ya nguruwe.

Kuhusu sheria, Marekani iliviingiza viwambo kwenye sheria ya silaha ya mwaka 1934 pamoja na bunduki za rashasha, na kuvitoza kodi ya dola 200, ambazo kwa thamani ya leo ni zaidi ya 4,000. Kwa miaka 90 kodi haikupanda wala kushuka. Tangu tarehe 1 Januari 2026 imekuwa sifuri, lakini usajili umebaki: fomu, alama za vidole, picha, na kibali cha serikali ya shirikisho kabla hujakigusa. Majimbo manane, yakiwemo California, New York na Illinois, hayamruhusu raia wa kawaida kukimiliki kabisa, kwa hiyo kuvuka mpaka nacho kwenye buti ya gari ni kosa la jinai. Norway hukiuza bila leseni, kama kifaa kingine chochote cha mwindaji.

Ndugu zetu walioko Houston, Dallas au Fort Worth waliopata jirani mwenye ranchi walijue jambo moja. Mwenye makazi ya kudumu hana tatizo, lakini aliyeko kwa viza ya muda haruhusiwi kwa sheria ya shirikisho hata kuishika bunduki, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au anaangukia kwenye misamaha mingine michache. Texas imeiondoa leseni kwa nguruwe; sheria ya shirikisho haikuondoa sharti lake. Mgeni huyo akate leseni hata kama mwenyeji wake anacheka. Na asirudi nyumbani na mazoea hayo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, Tanzania uwindaji wa leseni ni wa mchana, na kiwambo mkononi mwa mtu porini usiku humtambulisha kwa askari wa wanyamapori kama jangili kabla hajafungua mdomo.

Mwenye shamba, kwa upande wake, asitegemee bunduki peke yake, hata iwe na kiwambo cha bei gani. Wataalamu wa wanyamapori wa Texas hukadiria kuwa theluthi mbili hivi ya nguruwe lazima waondolewe kila mwaka ili idadi isipande. Wapigaji wawili wazuri wataangusha wanne watano katika kundi la ishirini, waliobaki watazaa, na nguruwe jike huzaa watano au sita kwa mkupuo. Boma la mtego linalofungwa kundi zima likiwa ndani hufanya kazi kubwa zaidi kwa usiku mmoja. Bunduki ni ya wale waliokwepa boma, wazee wajanja wanaozunguka nje ya waya.

Ukifika nyumbani alfajiri, fungua kiwambo kabla ya kulala. Gesi ya baruti huacha unyevu ndani yake, na unyevu huo ukichanganyika na masizi hula chuma. Bunduki ikisimamishwa kabatini na kiwambo chake juu, maji hayo hushuka mtutuni. Kisimamishe kiwambo mahali penye hewa, pitisha kitambaa chenye mafuta mtutuni, na inatosha. Viwambo vya bunduki kubwa havihitaji kusuguliwa kila mara, kwa sababu shinikizo huvisafisha lenyewe. Cha .22 ndicho kinachodai kufunguliwa chote, maana madini laini ya risasi zake huganda kwenye visahani hadi kiwambo kikawa kizito mkononi. Nunua kinachofunguka.